Uongeze milioni 14 upewe Mark X ya 2012? Majibu ya maswali yenu

Wiki hii karibu barua zote zinauliza jambo moja: kulipeleka gari lako la mbio yadi, kuongeza hela na kuondoka na jipya zaidi. Nimechagua saba.

Nina Toyota Mark X ya 2007, sisi (cc) 2500, namba C. Yadi moja hapa Dar wanaipokea kwa milioni 9, niongeze milioni 14 nichukue ya 2012. Nafanya sawa? (Tabata)

Hapana, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu kosa hili naliona gereji kila mwezi.

Hiyo ya 2012 ni toleo la pili, lililotoka mwaka 2009. Fungua boneti: injini ni 4GR ileile ya V6 (silinda sita) uliyonayo, na giaboksi ni otomatiki ya gia sita kama yako. Tena ya kwako ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 215, hiyo unayoitamani ina 203. Milioni 14 unalipia taa, bodi na dashibodi. Kama ndivyo unavyotaka, hela ni yako, lakini usijidanganye kwamba unafuata nguvu.

Nadhani najua kilichokufikisha hapa. Gari limekuwa zito, linakula mafuta, asubuhi ukiliwasha linatetemeka. Kwenye 4GR petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta hata siku moja. Nikifungua manifoldi ya injini kama yako nakuta vali zimevaa masizi magumu, kama ukoko wa ubwabwa chini ya sufuria. Hewa itapitaje? Na ya 2012 ina ugonjwa uleule, sema bado hujauona kwa kuwa yadi wameipiga polishi.

Safisha hizo vali. Badilisha plagi zote sita, weka bushi mpya za mbele, weka shokapu mpya. Ukijumlisha yote hufiki hata karibu na milioni 14. Liendeshe mwezi mmoja ndipo uamue. Kama bado hulitaki, angalau utaliuza likiwa zima na utapata zaidi ya hiyo 9.

Kati ya Subaru na Toyota, gari gani zuri? (Hakutaja alipo)

Modeli gani, mwaka gani, injini gani, kilomita ngapi? Swali hili limekuja mara nyingi mno na bila hayo manne silijibu.

Nina Subaru WRX STI ya 2015, manyuo. Nimepata mtu atanipa WRX S4 ya 2022 nikimwongezea. Wenzangu wananiambia nikiikataa mimi ni mjinga. (Nairobi)

Ndugu yangu, shikilia gari lako. S4 si STI mpya. Machi 2022 Subaru walitangaza wenyewe kwamba hawatatengeneza STI ya petroli juu ya umbo hilo jipya. S4 ina injini ya tabo ya sisi 2400 yenye nguvu za farasi 275, nayo inaendeshwa na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za kupanda na kushuka. Yako ina injini ya EJ20 ya nguvu za farasi 308 na gia sita unazobadilisha kwa mkono. Ukishazoea kushusha gia mwenyewe kwenye kona za Mai Mahiu, CVT itakuchosha wiki ya kwanza.

Na kuna hili ambalo wenzako hawajakuambia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likishazidi miaka 8. STI ya umbo lako iliachwa kutengenezwa kwa soko la Japani mwaka 2019. Piga hesabu, mlango wa Mombasa unakaribia kufungwa. Ukiitoa leo, ya kuirudishia utaitafuta humohumo nchini, kwa vijana walioifunga tabo kubwa na kuichapa usiku kucha.

Kama kila siku unakaa saa mbili kwenye foleni ya Thika Road na goti la klachi linauma, hapo nitakuelewa, chukua S4. Ila kama unabaki na STI, jibu kwanza hili: taimingi beti, ule mkanda unaopanga mwendo wa vali na pistoni, imebadilishwa lini? Ikiwa kilomita 100,000 zimepita na hujui, liegeshe leo. Beti ikikatika, vali zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Na oili ipimwe kwa kijiti kila Jumamosi, usingoje taa. EJ iliyopungukiwa oili huanza kunoki, yaani kugonga kwa ndani, bila kukupa nafasi ya pili.

Niuze gari mwenyewe au niwaachie yadi? (Arusha)

Ukiuza mwenyewe utapata zaidi, ila utasumbuliwa na madalali. Ukienda yadi, usisikilize bei wanayokupa kwa gari lako peke yake. Wanaweza kulipandisha la kwako milioni 2 na la kwao milioni 4, ukatoka unacheka. Uliza bei ya gari lao kwa mteja mwenye taslimu, kisha angalia tofauti unayoongeza.

Halafu msiondoke bila kubadilisha jina TRA. Naandika hili kila mwaka na kila mwaka watu wanaletewa madeni ya trafiki ya gari waliloliacha zamani. Kadi ikiwa bado na jina lako, gari bado ni lako.

Nataka kutoa Toyota Crown yangu ya 2008 niagize Crown Athlete ya 2016, ya tabo sisi 2000. Watu wananiambia ni ndogo. (Mwanza)

Si ndogo, ina nguvu za farasi 235. Na kwa kuwa haivuki sisi 2000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 badala ya 10. Lakini hesabu umri pia, gari likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Swali langu ni kwako, si kwa gari. Mwaka jana mteja aliniletea Athlete ya tabo aliyoipata kwa kubadilishana, inachemsha. Nilipofungua kifuniko cha rejeta, maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na kutu inaelea juu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa akijaza maji ya bomba. Tulifungua silinda hedi, imepinda. Kama nawe unajaza maji ya bomba na oili unamwaga ukikumbuka, baki na V6 yako, inavumilia zaidi.

Nikope benki nipate ya kuongezea? (Morogoro)

Kwa gari la starehe, usikope.

Gari nililoonyeshwa linasoma kilomita 68,000. Fundi wangu anasema zimerudishwa nyuma, mwenye gari anaapa ni za kweli. (Tanga)

Mwamini fundi mpaka mwenye gari akuletee karatasi ya mnada ya Japani yenye namba ya chesisi ileile. Akisema imepotea, angalia mpira wa pedali ya breki na ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlango. Pedali iliyolika hadi chuma haitoki kwenye kilomita 68,000.

Kisha mwambie utakuja saa 12 asubuhi na gari lisiwashwe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, wameliwasha kabla hujafika ili kuficha kitu, usiulize bei.