Maswali ya Wasomaji: Niwaambie nini wanafunzi kuhusu Bigo bya Mugenyi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari karibu na Masaka. Muhula ujao ninakusudia kuwapeleka wanafunzi Bigo bya Mugenyi, ngome ya kale ya mitaro, kisha Makumbusho ya Uganda jijini Kampala. Mzazi mmoja analalamika kwamba watoto watalipishwa nauli wakaangalie mitaro iliyoota nyasi, na mwalimu mwenzangu anashikilia kwamba yatosha kuwaambia kuwa Bachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa na wazee, ndio walioichimba. Niwaambie nini?

JIBU: Mwalimu, tuanze na mzazi. Mitaro hiyo, iliyoko Sembabule kusini mwa mto Katonga, ikiunganishwa yote ina urefu unaozidi kilomita 10, na mahali pengine wachimbaji walipofika kwenye mwamba hawakusimama, bali waliendelea kuuchonga. Washushe wanafunzi ndani ya mtaro mmoja, uwaulize ni watu wangapi, wenye zana gani, wakilishwa na nani, wangeweza kuifanya kazi hiyo. Swali hilo huzaa swali la utawala, kwa maana kazi kubwa namna hiyo haifanyiki pasipo mtu wa kuiamrisha.

Kuhusu Bachwezi, ninakusihi usiwalazimishe watoto kuchagua kati ya wazee na wanaakiolojia. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapo mwaka 1960, na vipimo vya kaboni vinaonyesha kwamba watu waliishi hapo kati ya karne ya 13 na ya 16. Vipimo hivyo hutuambia umri, lakini haviwezi kututajia jina la mtawala. Masimulizi ya falme za Bunyoro na Ankole, kwa upande mwingine, yanamtaja Mugenyi, Mchwezi aliyempenda mno ng'ombe wake Bihogo, na jina hilo Mswahili yeyote atalitambua, kwani maana yake ni mgeni. Huko Ntusi, ambako si mbali na Bigo, vichuguu vikubwa vya taka za kale vimetoa mifupa mingi ya ng'ombe pamoja na vigae vya vyungu. Mifupa haithibitishi kwamba Bihogo aliishi, lakini inaonyesha kwamba wasimulizi walikuwa wakizungumzia nchi ya wafugaji wanayoifahamu vizuri. Mwanafunzi akiweza kueleza tofauti hiyo kwa maneno yake mwenyewe, nauli imelipa.

Jambo moja uwe mkali nalo: asiokote mtu kigae, hata kiwe kidogo namna gani. Thamani yake imo katika mahali kilipolala na tabaka la udongo lililokifunika. Kichwa cha Luzira, sanamu ya kale ya udongo, kilifukuliwa mwaka 1929 na wafungwa waliokuwa wakichimba tu ardhi ya gereza, na kwa kuwa hapakuwa na mtaalamu wa kuyaandika hayo wakati huo, umri wake unabishaniwa hadi leo. Kichwa chenyewe kiko British Museum, London, jambo linaloniuma, na wanafunzi wako wana haki ya kulijua.

Mpangilio wako wa kuanza Bigo na kumalizia Kampala ni mzuri, usiugeuze. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yana vitu vingi mno kwa mtoto asiye na swali moyoni. Atapita mbele ya makabati akisoma vibandiko tu. Aliyetoka mtaroni atakwenda moja kwa moja kutafuta vyungu na zana za chuma. Usiziweke safari hizo mbili siku moja, na huyo mzazi mpe nafasi ndani ya basi la Bigo.