Shangazi, mume wangu ataka twende Nairobi kutazama treni tu

Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9, twaishi Mikindani. Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole, hana makuu. Ila ana jambo moja: treni. Jumapili humchukua mtoto wakaenda upande wa Miritini kutazama treni za mizigo, wakaandika namba za vichwa kwenye daftari. Sasa ameweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima, ataka sote twende Nairobi wikendi moja, tupande treni, tutazame treni, turudi. Treni tu! Nikamwambia sawa, lakini Jumamosi tukale kwa dada yangu Eastleigh, na Jumapili tununue mapazia, ili pesa zisiende bure. Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi, tuache." Tangu siku ile hagusi daftari, na mtoto amenuna. Wifi yangu anicheka, eti nimeolewa na mtoto. Hata babake hakuwa mtu wa reli, alikuwa mvuvi. Nimekosa nini mimi niliyekubali?
Mama wa Mikindani

Marahaba, mwanangu.

Umekubali, hilo ni kweli, na wapo ambao wangekataa kabla mume hajamaliza kusema. Lakini tazama ulichokikubali. Yeye alikuletea kitambaa alichokichagua mwenyewe, wewe ukamkatia vazi lako. Barua yako, ambayo hapa nimeifupisha, ina maneno "treni tu" mara nne. Kama mimi nimeyahesabu kwenye karatasi, yeye ameyasikia mara ngapi mle ndani?

Hebu tuhesabu saa, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Ijumaa watoto wana shule. Treni ya usiku hutoka Miritini saa nne, na gizani hakuna cha kutazama, kwa hivyo yenu ni ile ya Jumamosi saa mbili asubuhi, inayosimama njiani: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na kadhalika. Mtafika Syokimau, inakoishia treni nje kidogo ya mji, alasiri. Kutoka hapo kuna treni ya kuwaunganisha na stesheni kuu ya mjini. Jumapili, ile ya kurudi ya saa tisa alasiri ndiyo itakayowafikisha nyumbani watoto wapate kulala kabla ya shule. Ukiondoa saa za kukaguliwa na kungoja, mumeo ana alasiri ya Jumamosi na asubuhi ya Jumapili. Basi. Hiyo ndiyo Nairobi yake yote, aliyoiwekea pesa mwaka mzima.

Sasa tia chakula cha dada yako humo. Simjui, lakini ukarimu wetu naujua. Utaambiwa pilau iko tayari, kumbe nyama ndiyo yatiwa jikoni. Mkimaliza italetwa chai, mkisimama italetwa halua, na shemeji yako ataona vibaya mkiondoka kabla ya Isha. Jumapili nayo itakwisha kwenye mapazia, mumeo amesimama mlangoni mwa duka na mifuko, akitazama saa. Fisi alitaka njia zote mbili akapasuka msamba, na hapa atakayepasuka ni yeye.

Pesa nimezipiga pia, maana najua zakuuma. Kwa nauli iliyoanza Januari 2024, daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwenda tu. Nyinyi wawili na msichana ni 4,500, mvulana hulipa nusu, 750. Kwenda na kurudi ni 10,500, kisha mlale mahali. Kwa fundi cherehani hizo ni sare za shule nyingi. Lakini mwanangu, kwenye barua nzima hukusema amekopa, wala kwamba karo haijalipwa. Ameziweka kutoka mfukoni mwake. Sioni bure iko wapi.

Na hili la babake mvuvi silielewi. Wanaume wangapi hapa Mombasa hushinda Jumamosi nzima kwenye vibanda vya mpira wakiwatazama vijana wa Uingereza wasiowajua, na hakuna anayeuliza baba zao walikuwa nani? Marehemu mume wangu alipenda taarab mpaka machozi yakamtoka, na kwao hakukuwa na mpiga udi hata mmoja. Kipenda roho hula nyama mbichi. Mumeo apenda kitu kisichomlevya, kisichomtoa nyumbani usiku, na amemshika mwanawe mkono akaenda naye. Wifi yako na acheke. Ni dada yake, wamezoeana. Wewe ndiye usicheke naye.

Sasa nikwambie kitu cha kutazama, kwa sababu nahisi waogopa kuchoka zaidi ya unavyoogopa gharama. Nami niliogopa hivyo hivyo, mwaka niliompeleka mjukuu wangu.

Njia ya SGR, hii reli mpya mtakayoipanda, ni moja, si mbili. Treni mbili zikija uso kwa uso, moja sharti ipishe kwenye stesheni. Basi mtakapokuwa katikati ya safari, mwulize mumeo: yetu yakutana wapi na ile iliyotoka Nairobi saa mbili? Utaona macho yake. Mwulize pia kwa nini treni ya mizigo huwa na makontena mawili, moja juu ya jingine. Mkiiona reli ya zamani, mwambie mwanao aitazame vizuri. Ile ina mita moja tu kati ya chuma na chuma, hii mpya ina milimita 1,435. Ile nyembamba ndiyo iliyoanza kulazwa hapa kwetu Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 palipokuwa kinamasi na kambi ya reli, ikafika Kisumu 1901. Kwa hivyo atakayekwambia Nairobi ina mengine ya kutazama kuliko treni, mwambie mji wenyewe umezaliwa na treni, na treni hiyo imetoka kwetu.

Jumapili asubuhi nendeni Makumbusho ya Reli, si mbali na stesheni kuu, kwa miguu tu mtafika. Ulizeni kwanza saa za kufungua. Hapo nje kumesimama vichwa vya moshi vya zamani, na kimoja kimeandikwa Mount Gelai. Ni cha aina ya Garratt, chatoka katika kundi la vichwa 34 vilivyoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, kila kimoja kikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kina uzito wa zaidi ya tani 250. Vilikuwa vikivuta mizigo kutoka bandari yetu kupanda bara, na vilichoma mafuta mazito, si makaa. Mjukuu wangu aliweka kiganja kwenye gurudumu, kikaonekana kama jani la mkunazi limenata ukutani. Akapanda ngazi hadi anapokaa dereva. Chuma kilikuwa kimeshika joto la jua, kuna mipini na vibomba kila mahali, na kidirisha kidogo cha pembeni cha kutolea kichwa. Akashika mpini mmoja kwa mikono miwili, akanyamaza. Mtoto yule hanyamazi hata msikitini. Nilikaa kwenye kivuli cha lile dude nikamwacha, sikumwita, na ninashukuru sikumwita.

Msichana wako hukusema lolote juu yake, lakini wa miaka 14 nawajua, atakwenda amekunja uso. Usimlazimishe kupenda vichwa. Mpeleke kwenye behewa la Ryall, liko humo humo makumbusho. Charles Ryall alikuwa afisa wa polisi, na mwaka 1900 pale Kima alilala ndani ya behewa hilo kumvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukampitia, simba akaingia, akamtoa kupitia dirishani. Si wale simba wa Tsavo wa 1898 waliowala wajenzi wa reli, huyu ni mwingine. Mwache asome mwenyewe kisha awasimulie. Na yeye ndiye mumpe kazi ya picha, ila aulize askari kwanza. Kwenye stesheni zetu kuna mahali hawataki kamera, na sitaki siku ya mumeo iharibike kwa ugomvi wa simu.

Mengine ni madogo. Fikeni Miritini saa nzima kabla, mkiwa na vitambulisho. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa akapita akiinusa, kwa hivyo mahamri yafungeni vizuri. Mkipata viti vya kushoto, na anga likiwa safi, mtauona Kilimanjaro.

Dada yako usimkose. Mpigie leo, mwambie safari hii ni ya shemeji yake na watoto, na kwamba mwataka kumwona Jumapili saa tano pale stesheni kuu. Mchukulie halua yake na vitafunio vya vibiriti ngoma kidogo. Mkae nusu saa, mcheke, mpige picha. Akinuna, atanuna nusu saa. Mapazia yaweza kununuliwa Marikiti siku yoyote.

Kwa mumeo usiende na hotuba. Amesema "tuache", na mtu mpole akisema hivyo hakubali kubembelezwa kwa maneno matamu. Ataona wamhurumia. Jumapili hii wakati ambao wao hutoka, vaa viatu, mwambie msichana naye avae, litafute lile daftari popote alipolificha. Mkifika Miritini usiulize mtakaa muda gani. Treni ya kwanza ikipita, kichwa cha mbele kabisa, namba yake iandike wewe.