Pango, shimo, mvungu: angalia unaingiaje

Mwenzetu ameuliza kama pango, shimo, handaki na mvungu ni kitu kimoja, maana kwenye tafsiri yake ya hadithi kote ameandika "pango". Hapana, ndugu yangu. Mimi hujiuliza kwanza: mtu anaingiaje humo?

Pango lina mlango, unaingia kwa miguu hata ikibidi kuinama. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, niliyaingia kwa kutembea tu, nikautoka mwanga na kulikuta giza, mawe ya chokaa juu yangu na popo wakipita utosini. (Kodi ya pango ni jambo jingine, hiyo inatokana na kupanga nyumba.)

Shimo lina mdomo, unashuka au unatumbukia. Ndiyo maana adui huchimbiwa shimo, hachimbiwi pango. Hata Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, watu huyaita mapango, lakini ukifika unashuka ngazi kwenda chini ya ardhi, na mimi naliona jina la mji limekaa mahali pake.

Handaki huchimbwa na watu kwa kazi maalumu: askari kujificha, siku hizi hata treni kupita. Mvungu hauchimbwi, ni nafasi iliyo chini ya kitu, kama kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Neno lililonigusa kuliko yote nililisikia siku tulipomzika babu. Nilikuwa kijana, nimesimama ukingoni na jembe mkononi. Nikaona kaburi limefika kina, nikasema, "Shimo tayari." Mzee aliyekuwa chini akajibu bila kuinua kichwa, "Shimo tayari, mwanangu, bado mwanandani." Akaendelea kuchonga taratibu ile nafasi ya ndani anamolazwa maiti, akilainisha udongo kwa kiganja kama mtu anayetandika. Babu alipolazwa, vikapangwa viunza, zile mbao za kufunikia mwanandani, juu yake, ndipo tukafukia. Udongo tuliomwaga haukumwangukia. Shimo lilijaa, mwanandani ukabaki wazi pamoja naye.

Kwa hiyo, kwenye ile sura yako ya mazishi ya Kiislamu, pale ulipoandika kwamba marehemu "aliwekwa katika pango dogo ndani ya kaburi", futa maneno yote hayo. Andika: alilazwa mwanandani.