Mistari miwili kwenye kipimo cha kwanza, cha pili mmoja: nina VVU au sina?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko Moshi, nauza ndizi Mbuyuni, mimba wiki 22. Kliniki kipimo cha kwanza kimetoa mistari miwili, cha pili mmoja, nesi kaniambia nirudi baada ya siku 14. Mume wangu kapima hana. Mama mkwe anasema ni mimba tu hiyo, nipotezee. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada, pole, ila mi sio dokta, ni mtu wa maabara tu hapa Arusha. Nesi wako yuko sahihi kabisa. Hujaambiwa unavyo wala hujaambiwa huna, majibu hayajaeleweka, basi.

Kile kipimo hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kinga ambazo mwili unatengeneza kupigana nacho, sasa mjamzito mwili wake una kinga za kila aina na mara mojamoja inatokea inayofanana kidogo na ile, inanasa pale kwenye T (sehemu ya kipimo inayoonyesha majibu), mstari wa pili unakuja. Kwahiyo mkwe hajakosea sana, ila kupotezea hapana, maana inaweza pia kuwa maambukizi bado mapya, cha kwanza kimeyaona cha pili bado, na ndo kazi ya hizo siku 14.

Piga hesabu: wajawazito 1000, tuseme 10 wanavyo kweli. Kipimo kikikosea mtu 1 tu kwa kila 100 wasio navyo, hao ni kama 10 wengine wenye mstari wa uongo, yaani nusu kwa nusu! Ndo maana Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linataka vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa anavyo.

Majibu ya mume hayakupimi wewe, wapo wanandoa mmoja anavyo mwingine hana miaka na miaka, kwahiyo kwa sasa tumieni kondomu. Dawa za ARV za jirani usiguse, zinaweza kuvuruga majibu. Na usijipimie nyumbani ukakikodolea macho, kuna mama alinitumia picha saa sita mchana ya Bioline (aina ya kipimo cha haraka cha VVU) aliyopima asubuhi, eti kuna kakivuli, wakati ikipita dakika 20 hicho ni cha kutupa.

Ukikutwa navyo unaanza dawa siku hiyohiyo, bila dawa mtoto anapata kwa asilimia 15 hadi 45, ukimeza vizuri inashuka chini ya 5. Ukikutwa huna, utapimwa tena mimba ikikaribia mwisho.

Siku ya 14 ikiangukia jumapili nenda jumatatu asubuhi na kadi yako, ndizi mwachie jirani.