Msitu hujinyeshea wenyewe: je, modeli za tabianchi zinalijua hilo?

Mkuu, umeuliza kama modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa ya dunia, zinajua kwamba msitu hujitengenezea mvua. Zinajua, ila nusunusu. Niliandikia tasnifu yangu hapa Dar kuhusu jambo hilo, na kilichonitesa zaidi ni mizizi.

Modeli huigawa dunia miraba, mingi ikiwa na upana wa kilomita 100 hivi. Kila mraba una hesabu yake: mizizi ivute maji kiasi gani, majani yatoe mvuke kiasi gani, upepo uupeleke wapi ukanyeshe. Nilipoweka kwenye modeli udongo wa kina cha mita 2 tu, kiangazi kilipofika msitu wangu ulishikwa na kiu, mvuke ukakatika, mvua ikapungua. Miezi mitatu ya kazi ikaenda bure. Baadaye nikasoma utafiti wa 1994 wa Amazon ya mashariki: mizizi kule huvuta maji kutoka zaidi ya mita 8 chini, ndiyo maana majani hubaki kijani kiangazi kizima. Modeli isiyo na mizizi mirefu itakudanganya, tena kwa uhakika.

Mawingu nayo yana shida yake. Wingu la radi ni dogo mno kwa mraba wa kilomita 100, hivyo hukadiriwa tu. Unapata manyunyu karibu kila siku saa sita mchana, wakati mvua halisi ya bara hupiga alasiri au jioni. Modeli ya Waingereza iitwayo CP4-Africa, yenye miraba ya kilomita 4.5, imezikaribia saa hizo vizuri zaidi.

Ushahidi kwamba maji hurudi ulikuwepo kabla ya haya yote. Mwaka 1979 Eneas Salati na wenzake walipima oksijeni nzito, aina ya oksijeni inayosaidia kujua maji yametoka wapi, kwenye mvua ya Amazon, wakakadiria karibu nusu yake ni maji yaliyorudishwa na msitu. Makadirio mengi ya baadaye yako kati ya robo na theluthi.

Na lile swali lako la mwisho: msitu wa Kongo ukikatwa, Dar itakauka? Kaskazi na Kusi zote hutufikia zikitoka baharini. Sisi ndio tuko upande upepo unakotokea, na sehemu ya mvuke unaoleta mvua Kongo hupita kwanza Afrika Mashariki. Kwa maji ya bombani, ulizia misitu ya Uluguru, ambako unaanzia mto Ruvu unaoleta maji Dar. Mgao wa 2022 sote tunaukumbuka.