Jibu: Asidi salisiliki kiduchu, fenoli tele

Mwanangu, umeandika kwamba ulitengeneza fenoksidi ya sodiamu (chumvi ya fenoli na sodiamu), ukaipitishia hewa ya ukaa kwenye joto, na mwisho ukapata asidi salisiliki, ile ya kutengenezea aspirini, kiduchu na fenoli ile ile uliyoanza nayo. Yalinipata hayo hayo kwenye maabara ndogo hapa Malindi. Mwezi mzima nililaumu joto, kumbe ni maji.

Tazama chumvi jikoni msimu wa kusi, ilivyoshikana bonge. Fenoksidi huvuta unyevu kuliko chumvi. Mimi nilikuwa naipima dirisha la upande wa bahari likiwa wazi. Unga ukaanza kumetameta, mara ukanata kwenye kijiko kama kashata isiyoshika. Kazi ilikuwa imeshaharibika pale pale. Penye maji, hewa ya ukaa hufanya asidi ya kaboni, nayo ina nguvu kuliko fenoli. Badala ya hewa ya ukaa kujishikiza kwenye duara la benzini, yaani pete ya kaboni sita iliyo ndani ya fenoli, asidi hiyo huinyang'anya fenoksidi sodiamu yake, ukabaki na fenoli na bikabonati.

Basi ikaushe kwa pampu ya kunyonya hewa, ponda mabonge, ukaushe tena. Bonge kavu kwa nje huwa na maji ndani. Mimi ilinichukua siku nzima, na hapo ndipo mavuno yalipopanda.

La pili ni shinikizo. Kolbe, mkemia aliyeanzisha njia hii, alipitisha hewa ya ukaa bila shinikizo, na karibu nusu ya fenoli ilimponyoka. Schmitt, mkemia aliyeiboresha mwaka 1885, akafunga chombo: hewa ya ukaa iingie fenoksidi ikiwa bado baridi, kisha joto lipande taratibu hadi kama 125°C. Vitabu hutaja angahewa 100, yaani shinikizo mara 100 ya hewa ya kawaida, kwa hiyo bila chombo kilichoundwa kwa kazi hiyo usithubutu, tafadhali. Ukitumia potasiamu na joto kali, kundi la asidi litakaa nafasi ya para (ng'ambo ya pili ya duara), si ya ortho (jirani kabisa), nawe utakuwa na kitu kingine kabisa.

Tena ukipima ulichopata, usiiamini rangi ya zambarau ya kloridi ya feri, maana fenoli nayo huitoa. Ilinidanganya mara 2. Tia punje kwenye maji ya bikabonati, ile magadi soda ya jikoni: asidi salisiliki hutoa povu, fenoli haitoi. Ikiwa safi, huyeyuka 159°C.

Na glavu usivue. Fenoli hutia ganzi huku inaunguza, utachelewa kujua.

Niandikie uliikausha vipi, na kwa saa ngapi.