Kwenda baa ya kijijini Uingereza bila kunywa pombe

Dada, umeuliza kama utaonekana kituko ukialikwa chakula cha Jumapili kwenye baa ya kijijini huko Cotswolds, eneo la mashambani Uingereza, nawe hunywi pombe. Nenda bila wasiwasi. Agiza soda, juisi au chai, hakuna atakayekutolea macho. Humo utakuta wazee, watoto, hata mbwa kajilaza chini ya meza (huyo mbwa ndiye wa kujiandaa naye).

Usikae ukingoje mhudumu. Kwa desturi unaifuata kaunta mwenyewe, unaagiza na kulipa papo hapo. Foleni haionekani, ila kila mtu anajua nani kamtangulia nani. Ukiruka zamu watakununia kimyakimya. Lakini umesema baa yenyewe imekarabatiwa juzijuzi. Mara nyingi hizo hugeuka nusu mgahawa: boriti za zamani na meko vimebaki, ila meza huwekwa oda mapema na bei imepanda. Wenyeji wako waulize hilo.

Nyama ya kuoka huja na mchuzi mzito. Kama nguruwe ni mwiko kwako, sema wakati wa kuagiza. Na ulizia usafiri wa kurudi, Jumapili mabasi ya vijijini ni ya kubahatisha.